Novemba Maskati: hujachelewa kupanda

Dada, umeuliza kama Novemba umechelewa kupanda mboga hapo Maskati. Wala! Huko baridi ndiyo msimu wenyewe wa bustani. Kiangazi kinaunguza kila kitu. Karoti na figili sia mbegu palepale zitakapokulia, hazipendi kuhamishwa. Figili utaanza kung'oa ndani ya mwezi mmoja hivi. Nyanya nunua miche, usije ukaanza kuvuna joto likiwa limesharudi. Punje za kotimiri zipasue kwanza, kila moja ina mbegu 2. Mchanga uchanganye na samadi iliyooza vizuri. Na maji ya kisima yaonje kabla ya kumwagilia: yangu yalikuwa na chumvi, maharage yakafa yote, bitiruti wala hazikujali.