Shirika la umma linasajiliwa au linaanzishwa?

Dada mmoja wa Mbagala Rangi Tatu, anachapa barua kwenye ofisi moja hapa Posta, kanitumia picha ya barua yake. Kaandika "shirika hili la maendeleo la serikali lilisajiliwa kwa sheria ya Bunge", bosi kakata "lilisajiliwa" kwa peni nyekundu kaweka "liliundwa", anauliza nani yuko sahihi.

Dada yangu, bosi kakata panapostahili, ila mi hapo ningeweka "lilianzishwa". Kusajili ni kuandikisha, jina linaingia kwenye daftari la msajili, na kampuni ndo zinaenda huko, unapeleka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni, katiba ya kampuni, ile wenyewe wanaiita memati, unalipa ada, unapewa cheti, na tarehe ya kwenye cheti ndo kampuni imezaliwa. Shirika lililotungiwa sheria yake halipiti dirisha hilo kabisa, muswada unapelekwa Bungeni Dodoma unasomwa unajadiliwa unapitishwa, Rais anasaini, basi hiyo sheria ndo cheti chake. Au Rais analianzisha kwa amri inayotangazwa kwenye Gazeti la Serikali, Sheria ya Mashirika ya Umma ya 1992 inampa nafasi hiyo.

"Kuunda" si kosa, lakini mi nalisikia zaidi kwenye kamati na tume, waziri anaunda kamati leo, ikimaliza kazi anaivunja. Shirika linakusudiwa likae.

Kinachowachanganya wengi ni majina. TANESCO wote tunaiita Shirika la Umeme, kumbe ile CO ya mwisho ni ya kampuni, imesajiliwa kama kampuni japo mwenye mali ni serikali, kwa hiyo hapo "ilisajiliwa" inakaa vizuri tu. TTCL, wale wa simu, nayo ilikuwa kampuni, mwaka 2017 ikatungiwa sheria ikawa Shirika la Mawasiliano Tanzania, hiyo sasa andika "lilianzishwa" bila wasiwasi. Yani usiangalie jina, tafuta limezaliwaje.

Halafu kwenye picha yako mstari wa tatu bosi hajaugusa, umeandika shirika litakuwa na "muhuri wake". Muhuri ni ule wa wino wa bluu, hata ofisi ya serikali ya mtaa wanao. Shirika likishakuwa mtu mbele ya sheria, linaweza kushtaki na kushtakiwa, alama yake ya kufungia mikataba inaitwa lakiri, neno letu la zamani lililotoka kwenye ile nta nyekundu ya kufungia bahasha. Hapo weka lakiri.