Klachi ya Newton-mita 700 kwenye giaboksi ya kioo

Ujumbe umeingia kutoka kwa msomaji wa Nairobi mwenye Subaru Impreza WRX ya 2005, ile ya speed tano. Kaongeza turbo kubwa, pampu ya mafuta na programu mpya ya injini. Dyno, mashine ya kupima nguvu ya injini, ikasoma farasi 320 na torki (nguvu ya kuzungusha) ya Newton-mita 430 kwenye injini. Klachi ya kiwandani ikaanza kuteleza, naye akaenda kununua kitu kilichoandikwa "steji 5" kwenye boksi: pleti ya vipande sita vya seramiki, habu (kitovu cha pleti) isiyo na springi, na presha pleti (kibanio cha pleti) inayohitaji goti la mchezaji mpira. Muuzaji alimhakikishia kwamba inabeba Newton-mita 700. Miezi mitatu baadaye klachi bado iko kama mpya, ila gia ya tatu imebaki bila meno. Sasa anauliza anunue klachi gani nyingine.

Ndugu, klachi yako haina kosa. Iliambiwa isiteleze, na haikuteleza. Ule mshtuko ambao zamani uliishia kwenye klachi kwa kuteleza kidogo ulikosa pa kuishia, ukapita moja kwa moja hadi kwenye meno ya gia. Giaboksi ya speed tano ya Subaru haikupewa jina la "kioo" kwa masihara. Meno yake yanavumilia torki nyingi tu ikija polepole, lakini ikija kwa kishindo yanakatika. Kwa hiyo kabla ya kuuliza klachi ipi inabeba zaidi, uliza ukikosea siku moja unataka nini kishindwe kwanza. Jibu langu ni klachi, kila mara. Kuibadilisha ni kazi ya siku moja. Giaboksi ni mkopo.

Tuanze na namba, kwa sababu hapa ndipo watu huibiwa. Klachi haijui farasi, inajua torki. Injini yenye farasi 400 kwenye mizunguko 8,000 kwa dakika inatoa kama Newton-mita 355 tu hapo. Farasi hao hao 400 wakija kwenye mizunguko 5,500, torki ni kama 515. Magari mawili ya farasi 400 kwa hiyo yanaweza kutaka klachi mbili tofauti kabisa, na boksi lililoandikwa "hadi farasi 500" halijakuambia kitu. "Steji" nazo ni maneno ya matangazo, hazina kipimo cha pamoja: steji 2 ya kampuni moja inaweza kuwa steji 3 ya nyingine. Chukua karatasi ya dyno, tafuta kilele cha mstari wa torki (si wa farasi), ongeza asilimia 20. Kwa gari hili ni 430 kuwa kama 515. Kama karatasi imepimwa kwenye magurudumu, ujue kwenye flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini) torki ni kubwa zaidi, kwa sababu giaboksi na difu zimeshakula sehemu yake.

Asilimia 20 hiyo ni akiba ya joto la kawaida, si kinga ya klachi iliyopikwa. Uwezo wa klachi ni idadi ya nyuso zinazosuguana, mara kiwango cha msuguano, mara nguvu ya presha pleti, mara umbali kutoka katikati ya pleti hadi katikati ya lainingi (uso wa msuguano wa pleti). Pleti moja ina nyuso mbili. Chukua pleti ya milimita 230, ambayo umbali huo ni kama mita 0.095, lainingi ya kawaida yenye msuguano wa 0.3, na presha pleti inayobana kwa Newton 9,000, yaani zaidi ya kilo 900. Zidisha: Newton-mita 513. Vizuri. Sasa ipike kwenye foleni ya Mombasa Road jioni, halafu barabara ifunguke nawe ukanyage. Lainingi ikipata moto, msuguano ukashuka hadi 0.22, klachi ile ile inabeba 376. Injini inatoa 430. Mshale wa mizunguko unapanda, gari haliendi, na harufu inajaa ndani.

Kuna jambo ambalo watu wa Nairobi hulisahau. Jiji liko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa yake ina kama bar 0.82 badala ya 1.01. Kama boosti (shinikizo la turbo) yako inaendeshwa na vali ya mkono iliyowekwa bar 1.2, hapo Nairobi injini inavuta jumla ya bar 2.02, ukishuka Mombasa inavuta 2.21. Hiyo ni karibu asilimia 9 zaidi, bila kugusa chochote. Klachi iliyokuwa inatosha kwa shida Nairobi inaanza kuteleza pwani, halafu fundi wa Mombasa analaumiwa bure.

Jambo la pili ni magurudumu manne. Supra au BMW ya kusukumwa nyuma ikiondoka kwa kishindo, matairi ya nyuma yanazunguka bure na kumeza mshtuko. Subaru na Mitsubishi Evo, za kuvutwa na magurudumu yote manne, hazizungushi matairi. Mshtuko wote unabaki kati ya flaiwili na gia. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako mwenye gari la kusukumwa nyuma, hata awe na torki sawa na yako, haukufai.

Lainingi sasa. Ya oganiki iliyojaa duara zima inashika taratibu, na ikichemka hupoteza nguvu, lakini ikipoa kwa kawaida inarudi, ilimradi hukuichoma kabisa. Kevla hudumu sana na hushika kwa ulaini, ila inataka kulainishwa kwa uvumilivu, na ukiiunguza mara moja uso wake unakuwa kama kigae, haurudi. Kwa mtu anayependa kuonyesha watu namna gari linavyoondoka, kevla ni hela iliyotupwa. Seramiki ya vipande vitatu, vinne au sita inapenda moto, na kwa mbio inafaa sana. Barabarani ni kama swichi: imeshika au haijashika. Kwenye foleni gari linaruka kama chura, flaiwili inachimbwa, na dereva anajifunza kuingiza mizunguko mingi ili lisizime, jambo linalozidi kuichimba. Lainingi ya chuma cha unga kilichoshindiliwa iache kwa magari ya mashindano tu.

Springi za habu si pambo. Zinameza mtetemo wa injini na ule ukali wa sekunde ya kwanza ya kushika. Habu isiyo na springi ni nyepesi na inaruhusu kubadilisha gia haraka kwenye mizunguko ya juu. Kwa giaboksi ya speed tano ya barabarani ni kosa, basi. Msomaji wetu alichukua seramiki na habu kavu kwa pamoja, yaani alitoa mito yote miwili kwa siku moja.

Njia nyingine ya kuongeza uwezo ni presha pleti ngumu zaidi, nayo ina bei yake. Ikizidi asilimia 30 hivi juu ya ya kiwandani, mguu utajua. Uma wa klachi na mabano ya pedali vitajua pia, na mpira wa mafuta ya klachi utavimba kila ukikanyaga, sehemu ya mwendo wa pedali ipotelee humo. Weka mpira uliosukwa kwa chuma na mafuta mapya ya breki ya DOT 4. Tena kila ukikanyaga, mzigo huo unaegemea thrasti beringi ya krenki, ile inayoizuia krenki isisogee mbele na nyuma. Kukanyaga klachi wakati wa kuwasha, kabla oili haijapanda, ni kuisaga beringi hiyo ikiwa kavu. Kama gari linaruhusu, washa ukiwa nyutro, mguu ukiwa mbali.

Ukivuka Newton-mita 650 hivi, acha kukomaza presha pleti, nenda pleti mbili. Nyuso zinakuwa nne. Hata umbali ukipungua hadi mita 0.085, kwa Newton zile zile 9,000 unapata kama 918, na pedali inabaki ya binadamu. Zinagonga-gonga pedali ikikanyagwa na ni ghali. Lakini mtu mwenye torki hiyo kwenye speed tano ana maswali makubwa kuliko klachi. Kwanza atafute giaboksi ya speed sita ya STI, ndugu mkali wa WRX.

Kwa gari la barua hii, basi, baada ya gia kutengenezwa: oganiki nzito ya duara zima, habu yenye springi, presha pleti inayobeba Newton-mita 500 hadi 550 kwa karatasi ya mtengenezaji mwenyewe, si kwa mdomo wa muuzaji. Hakikisha ni ya kuvutwa, kwa sababu WRX za turbo za miaka hiyo huvuta presha pleti badala ya kuisukuma, na aina hizo mbili haziingiliani. Hapo hapo kwenye duka la vipuri Kirinyaga Road weka pleti ya zamani juu ya mpya, linganisha kipenyo, hesabu meno ya habu. Majina makubwa ndiyo yanayoigwa sana, kwa hiyo bei ikikushangaza kwa urahisi wake, iache hapo.

Siku ya kufunga, kinachoharibu klachi nyingi mpya ni uvivu wa nusu saa. Kwenye klachi ya kuvutwa, rilizi beringi (ile inayosogezwa na uma kuiachia klachi) imenasa kwenye presha pleti. Lazima ile shafti inayoshikilia uma itolewe kwanza (unafungua plagi yake kwa alenki ya 10, unaingiza bolti ya milimita 6, unaivuta), la sivyo fundi atachokoa giaboksi kwa mitaimbo hadi kitu kipasuke. Flaiwili ikishuka, angalia nyuma yake. Injini za Subaru za EJ nyingi zina kifuniko cha plastiki cha kutenganisha oili ambacho huvuja na kumwagia pleti. Weka cha chuma pamoja na oili sili mpya, hata kama havijavuja bado. Flaiwili yenye madoa ya bluu isagwe kwa jiwe, isichongwe kwa lathe, kwa sababu kisu hurukia sehemu zilizokomaa na kuacha vilima vitakavyotetemesha gari. Badilisha pailoti beringi, ile inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Chunguza pua ya giaboksi ambayo rilizi huteleza juu yake. Kwenye speed tano mara nyingi imeshaliwa, na kuna bomba la chuma la kuifunika.

Presha pleti mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Ioshe. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu, kisha ingiza pleti, itoe na ufute iliyosukumwa nje, maana iliyobaki itarushwa kwenye lainingi. Upande wa springi uliovimba hutazama giaboksi. Ukigeuzwa, klachi haiachii. Bolti za flaiwili ni Newton-mita 72. Za presha pleti ni 16 tu, zikizungushwa kwa msalaba kidogo kidogo, na usimpe fundi bunduki ya upepo hapo. Wakati wa kurudisha, giaboksi isiachwe inaning'inia kwenye shafti. Pleti itapinda, nawe utarudi kulalamika kwamba klachi mpya haikati.

Kisha pedali. Lazima iwe na mwendo mdogo wa bure hapo juu. Nati yake ikikazwa hadi mwendo huo uishe, mafuta hayarudi yote kwenye masta (silinda ya juu ya pedali), presha pleti inabaki imefunguliwa kidogo, na klachi ya Newton-mita 550 inateleza kwa 400. Watu wamezitupa klachi nzima kwa kosa la nati hiyo moja.

Oganiki inataka kilomita 800 za mjini kabla ya kunyanyaswa. Za mjini, kwa maana kinacholainisha ni kule kushika na kuachia, na safari ya Nairobi hadi Nakuru ukiwa gia ya tano haihesabiki. Zikiisha, jaribu hivi: barabara tupu, gia ya nne, mizunguko 3,000, kanyaga mafuta hadi chini na utazame mshale wa mizunguko na wa mwendo. Mishale ikipanda pamoja, imeshika. Wa mizunguko ukitangulia, acha mafuta papo hapo, na kabla ya kuilaani klachi, rudi kwenye ile nati ya pedali.