Baba hakuwa na cheo, nisome nini siku ya arobaini?

SWALI

Shikamoo mama. Naandika kutoka Sikonge, Tabora. Baba yetu kafariki mwezi uliopita, arobaini imekaribia na ukoo umekaa ukaamua mi ndo nisome wasifu wa marehemu. Nina siku ya nne na karatasi mkononi na nimepata mistari sita tu: alizaliwa, alioa, alipata watoto saba, aliugua, kafariki. Alikuwa mkulima wa mahindi na karanga na mrina asali, uenyekiti wa kijiji hajawahi kuushika. Ila pampu ya kisima ikiharibika alikuwa anaitengeneza yeye bila kulipwa, na baiskeli yake ndo ilikuwa ambulensi ya kitongoji, akina mama wengi tu wamefika zahanati kwenye keria yake. Baba mdogo anasema mambo ya pampu sio ya kusoma mbele za watu, nitaje elimu na vyeo. Mwaka wa kuzaliwa nao ni wa kukadiria. Halafu kuna hili linaniuma, kuna siku alituacha sisi na mama katikati ya palizi akaenda kuhangaika na ya watu. Nilitaje au nilifiche?

Mtoto wa Mrina Asali

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole sana, na mama mpe pole zangu. Wewe nimeshakujibu kwa simu sababu siku zinakimbia, ila naandika na hapa kwa ajili ya wengine wenye msiba kama wako.

Baba mdogo namheshimu, ni mzee wako na ana uchungu wake, lakini kwa hili sikubaliani naye kabisa. Hiyo pampu ndo wasifu wenyewe. Iandike kama ulivyoiona kwa macho yako. Pampu ya mkono ikigoma kutoa maji mara nyingi ni washa, vile vipete vya kuzibia, zimekwisha kule chini, na kuzifikia mpaka mabomba yavutwe juu moja moja, ni kazi ya wanaume wanne watano na asubuhi nzima inaishia hapo. Nani alikuwa anapita nyumba kwa nyumba kuwaita hao wanaume? Washa zilinunuliwa kwa hela ya nani? Na pampu ikilala siku mbili tatu, ni akina nani walikuwa wanarudi kwenye lambo kuchota maji na ng'ombe? Ukiyajibu hayo matatu una ukurasa mzima na hujataja cheo hata kimoja.

Nakwambia hivi kwa sababu sisi tulikosea. Tulipomzika baba yangu kule Urambo tulisoma vyeo vyake vya chama cha msingi cha ushirika kama dakika kumi, watu wakapiga makofi, yakaisha. Jioni watu wametawanyika akaja bibi mmoja na ungo wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, akakaa pale jikoni, akasema mwaka ule wa njaa baba yako alikuwa anapita usiku anaacha debe la mahindi nyuma ya nyumba yangu, hagongi hata mlango, mi namjua kwa kikohozi chake. Mama yangu mzazi alikuwa hajui! Nililia upya siku ile, maana yule bibi alikaa msibani siku tatu na hakuna aliyempa nafasi ya kusema.

Kwahiyo kabla hujaendelea kuandika, toka hapo nyumbani uwatafute watu. Mtafute hata mama mmoja aliyebebwa kwenye ile keria, muulize ilikuwa saa ngapi, walipita njia ipi, walipumzika wapi, na akikubali asimame aseme mwenyewe siku hiyo. Watafute na warina asali wenzake, waliolala naye porini wiki nzima, wanajua vitu ambavyo nyumbani hakuvisema. Uliza pia kama alikuwa sungusungu, wale walinzi wa jadi wa vijijini, walipoanza mwanzoni mwa miaka ya 80 huku Unyamwezini na Usukumani wizi wa ng'ombe ulipozidi. Wazee warekodi kwa simu, usitegemee kukumbuka.

Mwaka wa kuzaliwa usikunyime usingizi. Muulize shangazi yako mkubwa: Uhuru wa 1961 baba alikuwa anachunga au bado yuko mgongoni? Azimio la Arusha 1967 limemkuta darasani? Watu walipohamishiwa vijijini 1974 alishakuwa na mke? Vita ya Kagera, 1978 mpaka 1979, mtoto wa kwanza alikuwa ameshazaliwa? Majibu yakikubaliana andika "alizaliwa miaka ya 50 katikati", inatosha.

Sasa hilo la palizi. Liseme, lakini muombe mama ruhusa kwanza maana ni lake kuliko lako. Mvua za huku ni msimu mmoja, zinaanza Novemba mpaka Aprili, palizi ikikupita magugu yameshakula mahindi, na mwenye kuvuna kidogo ni nyinyi, sio mwenye pampu. Uchungu wako una haki yake. Ila usiusome kama mashtaka. Sema kwamba baba alipokuwa kisimani jembe lake alilishika mama, na baiskeli ilipoondoka usiku aliyebaki macho na watoto ni mama, hivyo kila aliyenywa maji ya ile pampu amekula na nguvu za mama. Litamke jina lake kwa sauti. Mara nyingi wake za watu kama baba yako wanakaa pembeni na khanga yao wanasikiliza mume anasifiwa, wao hawatajwi kabisa, na mi hilo huwa linaniumiza sana.

Kurasa mbili zinatosha, ziandike kwa herufi kubwa maana machozi yatakuja, na mdogo wako akae karibu na nakala yake apokee ukishindwa. Juu kabisa ya karatasi chora ile alama aliyokuwa anaweka kwenye mizinga yake. Waliokwenda naye porini wataijua kabla hujafungua mdomo.

Na mkigawa vitu vyake, ile spana ya pampu iwekeni pembeni kwanza. Muulizeni kijana aliyeshika kazi ya kisima kama anayo yake.