Turubai au hema kwa safari ya miguu Lushoto hadi Mtae? Jibu la aliyelowa

Mkuu, umeuliza kama turubai litakutosha kutembea Lushoto hadi Mtae, kwenye milima ya Usambara, mwezi Desemba, au ubebe tu hema. Njia hiyo nimeipita na vyote viwili. Siku hizi hema linabaki nyumbani, ingawa usiku wangu wa kwanza chini ya turubai nililowa chapachapa.

Hema langu la watu wawili, la bei ya kawaida, linakaribia kilo 3. Turubai la nailoni yenye silikoni, mita 3 kwa 3, pamoja na kamba na vigingi halifiki kilo 1. Ukianza kupandisha msitu wa Magamba na begi mgongoni, magoti yatakuambia tofauti. Lile la bluu la dukani nalo usilidharau. Kweli ni zito kiasi na linapiga kelele kwenye upepo, halafu vile vitundu vya bati vya pembeni hung'oka mapema. Vikishang'oka, weka kijiwe laini kwenye kona, likunjie turubai juu yake, kisha kaza kamba shingoni kama unafunga kifuko cha karanga. Hapo hapachomoki.

Sasa huo usiku wa kulowa. Turubai tuliliwamba vizuri kabisa. Kosa lilikuwa chini: nilitandika nailoni ya kulalia, nikaiacha ipite ukingo wa turubai kama shubiri moja, nikidhani nimejiongezea nafasi. Mvua ikaja saa nane usiku. Kila tone lililoteremka juu lilidondokea kwenye ile shubiri, likaingia ndani, na maji ya juu ya nailoni hayana pa kuzama. Niliamka nimelala kwenye karai. Nailoni ya chini iwe ndogo kuliko turubai, pande zote.

Kwenye kuchagua mahali ndiko wengi wanakosea. Hema linakusamehe kidogo, turubai halikusamehe. Angalia majani makavu: yakiwa yamelala upande mmoja kama yamechanwa na kitana, hapo mvua ikinyesha maji hupita. Bondeni kwenye mashamba ya kabichi pananyooka na panavutia, ila baridi yote ya usiku hushukia huko. Mimi natafuta ubavuni mwa mlima, nyuma ya kichaka. Na tazama juu pia, mikaratusi ina tabia ya kudondosha matawi.

Kufunga: kamba kuu toka mti hadi mti, usawa wa kifua kukiwa shwari, usawa wa kiuno kukiwa na upepo, na upande unaotoka upepo uushushe hadi chini. Kwenye kamba hiyo, kabla haijafika kwenye turubai, funga kitambaa. Maji yanayoifuata kamba kutoka mtini yatadondokea hapo badala ya kukufuata kichwani. Nailoni ikilowa hulegea, kwa hiyo kaza tena kabla hujalala. Fundo la kukazia nilifundishwa na utingo mmoja wa lori, lile lile wanalobania mzigo: unatengeneza kitanzi katikati ya kamba, unazungusha ncha kwenye mti au kigingi, unairudisha kupitia kitanzi, unavuta. Turubai linakuwa kama ngoma.

Faida niliyoipenda ni hewa. Ndani ya hema asubuhi kuta zilikuwa zinatoka jasho. Chini ya turubai upepo unapita, mfuko wa kulalia unabaki mkavu.

Siafu ndiyo kesi ngumu, kwa sababu huna sakafu wala zipu. Kabla ya kutandika, zunguka na tochi ukague ardhi. Sisi tulizembea mara moja, tukahama saa tano usiku huku kila mtu anavua suruali gizani. Kwa mbu ninaning'iniza chandarua cha kawaida kwenye kamba kuu, pindo nazikunja chini ya mkeka.

Vijijini omba ruhusa kwa mwenyekiti, hawana shida. Msitu wa hifadhi wa Magamba usijilalie tu bila kibali. Ukifika kijiji cha Rangwi, njiani, umechoka na kulowa, masista wana vyumba vya wageni. Mimi sioni aibu.

Ukifika Mtae utaiona Mkomazi imetandazika chini kule. Usije ukashawishika kushuka na turubai lako. Ile ni hifadhi yenye simba.

Kwa Desemba vuli inaweza kuwa bado inamalizikia, hivyo ongeza mita 5 za kamba.