Kwa anayeanza kujifunza muziki: sikio kabla ya vidole

Nimeupenda muziki tangu kabla sijajua kusoma, na nimepiga gitaa kwa zaidi ya miaka 30 bila hata siku moja kuutegemea kwa riziki. Nayaandika haya kwa ajili yako wewe unayeshika ala kwa mara ya kwanza, hasa ikiwa wewe ni mtu mzima unayedhani umechelewa, kwa sababu kosa lililonipotezea muda mwingi kuliko yote ndilo ninaloliona kwa karibu kila anayeanza: nilivipa vidole kazi niliyopaswa kulikabidhi sikio kwanza.

Nilipopata gitaa langu la kwanza nilijifunza kodi nne, yaani mafungu ya noti zinazopigwa kwa pamoja, kwa wiki mbili, nikajihesabu kuwa mpigaji. Nyuzi zake hazikuwa zimelinganishwa. Mimi sikulijua hilo; walionisikiliza walilijua, ila walininyamazia kwa hisani. Miezi ilipita hivyo, mpaka mpigaji mmoja mzee alipoliomba gitaa, akagusa uzi mmoja mmoja, akanitazama bila kutamka neno, kisha akaanza kuzikaza na kuzilegeza nyuzi polepole huku akiwa ameinamisha kichwa karibu na ubao.

Alichonionyesha jioni ile nakieleza hapa kama nilivyokielewa. Uzi wa sita, ambao ndio mnene kuliko wote, ukibonyezwa katika freti ya tano (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokata shingo ya gitaa) hutoa sauti ile ile ya uzi wa tano ulioachwa wazi. Ukizipiga nyuzi hizo mbili kwa pamoja na zikawa zimekaribiana bila kulingana, utasikia sauti ikijaa na kupungua, ikijaa na kupungua, kama kitu kinachopumua. Hiyo ni hesabu tupu: uzi wa tano hutetema mara 110 kwa sekunde, na ikiwa mwenzake anatetema mara 112, sauti itajaa mara mbili kila sekunde. Kadiri unavyousogeza uzi mahali pake, ndivyo kupumua huko kunavyopungua kasi, mpaka kunakoma na nyuzi mbili zinasikika kama moja. Nyuzi nyingine hufuata utaratibu huo huo, isipokuwa uzi wa pili, ambao hulinganishwa na uzi wa tatu ukiwa umebonyezwa katika freti ya nne badala ya ya tano. Wanaoanza wengi huusahau upekee huo, kisha wakalilaumu gitaa.

Siku niliyosikia kupumua huko kukikoma kwa mkono wangu mwenyewe, ndipo nilipoanza kujifunza muziki. Kabla ya hapo nilikuwa najifunza mahali pa kuweka vidole.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kwamba usipige kipande chochote ambacho huwezi kukiimba. Huhitaji sauti nzuri. Yangu haifai kusikiwa na mtu. Imba mahadhi yale taratibu, hata kwa kunung'unika, na pale utakapokwama au kubahatisha, hapo ndipo hujapasikia sawasawa, na vidole vyako vitakwama papo hapo. Nimelijaribu jambo hili kwa miaka mingi na ni mara chache sana limenidanganya.

Kusikiliza nako kunahitaji mazoezi, kwa kuwa mtu anaweza kuupenda wimbo kwa miaka 20 asiwahi kuusikia wote. Chagua rekodi moja unayoipenda, uisikilize mara nne ukifuata kitu kimoja tu kila mara: kwanza gitaa la besi, kisha ngoma, kisha gitaa la rithimu, na mwisho sauti ya mwimbaji na mahali anapovuta pumzi. Mara ya kwanza nilipoifuata besi peke yake katika wimbo niliodhani naujua, niligundua kwamba kulikuwa na sehemu ambapo mpigaji alinyamaza kabisa kwa pigo moja, na kwamba ukimya huo ndio uliokuwa ukinisisimua siku zote, nami nikidhani ni mwimbaji.

Kuhusu mwendo, nunua au pakua metronomu, chombo cha kugonga mapigo kwa kasi isiyobadilika, ambacho Johann Maelzel alikisajilia hataza mwaka 1815 na ambacho Beethoven mwenyewe alikitumia kuandika kasi za kazi zake. Kipande kinachopigwa kwa mapigo 120 kwa dakika, kianze kwa 60, tena uchukue sehemu fupi inayokusumbua peke yake. Kosa linalorudiwa kwa kasi hukaa mkononi kama vile limefundishwa. Mimi nilitumia karibu mwaka mzima kukifundisha upya kidole cha tatu ambacho nilikizoesha vibaya kwa wiki chache za haraka.

Maumivu ya ncha za vidole hayastahili maelezo marefu: sugu huota baada ya wiki kadhaa, na dakika 15 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumapili. Masikio ndiyo yasiyoota sugu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki za kusikiliza sauti ya desibeli 80, na kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu. Ujanani nilikuwa nikijaza sauti masikioni usiku kucha, na sasa sikio langu la kushoto lina mlio mwembamba usiozimika ninapokuwa chumbani kimya.

Hata hivyo, mpaka leo nalinganisha nyuzi kwa sikio kwanza, kisha ndipo nawasha programu ya simu kuhakiki. Uzi wa pili bado hunishinda mara kwa mara: nikiuweka mahali unapopendeza kabisa katika kodi ya G, huwa umeshuka kidogo katika kodi ya E, basi naupandisha kwa kiasi cha unywele na kuanza kupiga.