Maji ya kifuu, bahari ya chungu: kwa mliojiunga juzi na timu ya mfumo

Juzi nilipokea kiraka (mabadiliko ya msimbo) cha dirisha jipya la kugawa diski. Kimeandikwa vizuri, maelezo yamenyooka, hata tafsiri imo. Nikakifungua kwenye kimashine changu cha inchi 7: dirisha likatokeza kichwa na kifua, miguu ikabaki chini ya skrini. Vitufe vya "Rudi" na "Endelea" viko huko huko miguuni. Nikamuuliza aliyekileta amekijaribu wapi. Akajibu kwa fahari, "Kwangu inafanya kazi."

Sikukasirika. Nilicheka kama mtu anayemwona mdogo wake akivua viatu pale pale ambapo yeye mkubwa aliibiwa vyake.

Basi wadogo zangu, nimeona niyaandike haya kabla toleo lijalo halijafungwa. Mfumo wetu ni Linux ya laptopu ndogo, unajengwa na watu wanaokaa nao usiku baada ya shughuli zao za mchana, na hakuna idara ya majaribio inayotufuata nyuma kuokota tunavyodondosha. Idara ni wewe.

1. Kitafute kimashine chenyewe

Si mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta nyingine. Chenyewe, chenye kibodi ya vidole vya mtoto na feni inayokohoa. Eee PC 701 ya mwaka 2007, iliyoanzisha mbio zote hizi, ilikuwa na RAM ya MB 512, SSD ya GB 4, skrini ya pikseli 800 kwa 480, na prosesa ya Celeron M ya MHz 900 iliyopunguzwa mwendo kiwandani hadi MHz 630. Mwaka 2008 zikaja za prosesa ya Atom N270, GHz 1.6, skrini 1024 kwa 600, tukajiona tumehamia ikulu.

Msiniambie hakuna anayezitumia tena. Wanaozitumia ndio wanaotuandikia. Wenye mashine kubwa wana mifumo mingine tele ya kuchagua. Ukikosa kimashine, azima kwa mwanatimu. Ukikosa wa kukuazima, ipunguze mashine pepe iwe na RAM ya MB 512 na diski ya GB 4, huku ukijua bado unajidanganya kidogo: diski pepe imepanda mgongoni mwa diski yako ya kasi, haitakuonyesha jinsi SSD za mwanzo zinavyoganda zikiandikiwa vitu vingi kwa mpigo.

2. "Kwangu inafanya kazi"

Hapa nitakaa, maana dhambi hii ni yangu.

Nilikuwa na mwaka mmoja tu kwenye timu na tayari najiona mzee wa baraza. Nikakabidhiwa usasishaji wa kutoka toleo moja kwenda jingine: keneli mpya (kiini cha mfumo), maktaba mpya za michoro, kivinjari kipya. Nikajaribu kwenye mashine pepe yenye diski ya GB 20 na RAM ya GB 4. Ikapita. Nikarudia mara tatu, zote zikapita, nikajipongeza kwa umakini. Kumbe nilikuwa makini kulirudia kosa lile lile mara tatu. Mzee wetu wa vifurushi, yaani programu zilizofungwa tayari kusakinishwa, akauliza, "Na kile kidogo umekijaribu?" Nikasema ndiyo. Kidogo kilikuwa droo ya chini, betri imekufa, chaja sijui iko wapi. Nilidanganya, wadogo zangu, wala sikusita, kwa sababu nilikuwa na hakika jibu lingekuwa lile lile.

Usiku ule nikaliachia toleo, nikalala.

Hesabu yake, ambayo niliipiga baadaye kwenye karatasi, ni ya darasa la tatu. Vimashine vingi vya watumiaji wetu vilikuwa na nafasi ya MB 700 hivi. Vifurushi vya kupakua vilikuwa MB 610. Apt, programu inayopakua vifurushi, ilikagua tu kama vitaenea vikishapakuliwa. Ikaona vinaenea, ikasema haya twende. Vikishatua kwenye /var/cache/apt/archives unabaki na MB 90. Kisha dpkg, programu ya kuvisakinisha, inaanza kufungua, nayo haifuti faili la zamani kwanza: huliweka jipya pembeni likiwa na mkia wa .dpkg-new, ndipo hubadilishana. Na toleo jipya likishakaa lilihitaji MB 240 zaidi ya lile la zamani. Mia mbili arobaini ndani ya tisini.

Diski ikajaa katikati ya safari. Keneli mpya ilikuwa imeshafunguliwa, update-initramfs ikaanza kuandika initrd (faili ambalo keneli hulihitaji ili iifikie diski wakati wa kuwaka), ikakosa pa kuandika, ikafa. Dpkg ikalalamika, ikaendelea na vilivyokuwa kwenye foleni, na kwenye foleni kulikuwa na grub, programu inayochagua keneli ya kuwasha. Grub inahitaji KB chache tu kuandika orodha yake, na KB chache zilikuwepo. Ikaiona keneli mpya, ikaiweka juu kabisa, bila initrd. Mtu akizima na kuwasha anakutana na "Kernel panic - not syncing: VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)", yaani keneli imeshindwa kuifikia diski ya mfumo.

Malalamiko ya kwanza yalinikuta naamka. Watu watatu wa mwanzo niliwajibu, mmoja mmoja, kwamba kwangu inafanya kazi. Wa nne nikamwongezea kwamba ahakikishe amefuata maelekezo. Hata leo nikikumbuka sentensi ile masikio yanawaka moto.

Wa tano alikuwa mama mmoja aliyeandika kwa simu ya kuazima, maana laptopu ile ndiyo kompyuta pekee aliyokuwa nayo. Aliandika hivi: "Kompyuta yangu inasema ina *panic*. Na mimi ninayo. Nani aanze kumtuliza mwenzake?"

Nikaketi. Nikasema moyoni, wachague keneli ya zamani kwenye menyu ya grub, halafu tusafishe. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki mbili kabla ya hapo, ili mfumo uonekane unawaka haraka, nilikuwa nimeweka GRUB_TIMEOUT=0 na kuificha menyu. Nilijisifu kwa watu wote kwamba nimeokoa sekunde 3. Kwa hiyo nilikuwa nimeivunja nyumba, na mlango wa dharura nilishaupigilia misumari mapema, kwa mikono yangu, nikishangiliwa.

Waliobahatika kushika Shift kwa wakati waliipata menyu, wakaingia na keneli ya zamani. Baadhi yao wakaishia kwenye skrini ya kuingia inayowarudisha walikotoka kila wakiandika nenosiri, kwa sababu diski iliyojaa haina hata pa kuandika .Xauthority. Hao tukawapeleka kwenye skrini ya maandishi kwa Ctrl+Alt+F1, wakaandika sudo apt-get clean, sudo dpkg --configure -a, kisha apt-get -f install, herufi kwa herufi. Walioshindwa kuikamata menyu hawakuwa na njia ya kuifikia keneli ya zamani. Hao ni flashi tu. Na yule mama, mwenye kompyuta moja, angeichomea wapi flashi? Ilimfikia siku ya tisa, imetengenezwa na mwanatimu mwingine, si mimi.

Mimi nilikuwa natafuta chaja. Nilipekua nyumba nzima hadi saa nane usiku, nikitaka walau niuone ule ujumbe kwa macho yangu. Sikuipata. Nikamwandikia mzee wa vifurushi, nikakiri kwamba siku ile nilimdanganya, kimashine sikukigusa. Alijibu mstari mmoja: "Najua. Chaja yako uliisahau kwangu miezi mitatu iliyopita."

Hakuongeza neno, na mpaka leo hajaongeza. Ningependa angenitukana.

Ile skripti inayokagua nafasi kabla ya kusasisha, ambayo kila anayejiunga anapendekeza tuiondoe kwa kuwa "inachelewesha", ilizaliwa wiki ile. Inajumlisha vya kupakua na vya kufungua, na ikiona havitoshi inasimama na kueleza. Na menyu ya grub inakaa sekunde 3. Zile zile 3. Haziguswi.

3. Pikseli 480 kwenda chini

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kitufe kilichozama chini ya skrini hata ukilala kifudifudi hukioni. Unaweza kushika Alt na kuliburuta dirisha juu kwa kipanya, na mtumiaji mzoefu anajua. Mtumiaji wa siku ya kwanza hajui, naye ndiye anayekutana na kisakinishi. Nimewahi kumsimamia mtu aliyesakinisha mfumo kwa kuhesabu Tab gizani: Tab nne, Enter, Tab mbili, Enter. Alifanikiwa. Alifuta pia sehemu ya diski iliyokuwa na picha zake, kwa sababu kwenye ukurasa wa tatu Tab zilikuwa tano.

Kwa hiyo: dirisha lisizidi pikseli 440 kwenda juu, maana paneli nayo inakula yake, na kila kinachoweza kurefuka kiwekewe mtelezo (mstari wa kusogeza juu na chini). Wanaodhani kubana nafasi ni kazi ya watu duni wajue kwamba Unity, sura iliyokuja kukaa kwenye Ubuntu, Linux moja maarufu, kwa miaka, ilianzia kwenye toleo la netibuku (laptopu ndogo), Ubuntu 10.10 ya mwaka 2010, pale ilipobidi paneli ihamie ubavuni kwa kuwa wima ndiko kwenye njaa.

4. Diski

Piga lsblk (orodha ya diski) kabla ya dd (amri ya kuandika juu ya diski nzima), kila mara, hata kama uliipiga dakika mbili zilizopita. Diski za eMMC, zilizogandishwa ubaoni, huitwa mmcblk0 na siyo sda, kwa hiyo skripti yako yenye sda itaishambulia flashi ya mtu. Weka noatime (diski isiandikiwe kila faili likisomwa tu), na zram (kubana data ndani ya RAM yenyewe) badala ya swapu, ile akiba ya RAM ya diskini. Zram imo ndani ya keneli rasmi tangu 3.14 ya mwaka 2014, hatuhitaji tena ufundi wa kienyeji. Ukileta kifurushi kipya, taja uzito wake pamoja na vyote kinavyovivuta nyuma yake. Mwezi uliopita mmoja wenu alituletea programu ya saa ya mezani, KB 80, ambayo ilikuja na MB 310 za ukoo wake. Saa. Ilikuwa nzuri kweli, nilisikitika kuirudisha.

5. Biti 32

Kila baada ya miezi mitatu mgeni mmoja hutangaza kwamba tuzike biti 32. Ninamwelewa. Ubuntu iliacha picha (faili za kusakinishia) za eneokazi za biti 32 kwa toleo la 17.10, na Debian 13 ya mwaka 2025 imekuja bila keneli wala kisakinishi cha i386 (biti 32), kwa hiyo mzigo unazidi kutuangukia sisi. Lakini N270 haijui biti 64, haitajifunza, na iko mapajani mwa watu. Tutaiacha siku itakapotushinda. Uvivu wa kujenga picha mbili si kushindwa.

Na mkishasoma hapo msirukie upande wa pili. Kuna vimashine vya Atom za Bay Trail vyenye prosesa ya biti 64 lakini UEFI yake, programu ya ubaoni inayoanza kabla ya mfumo, ni ya biti 32. Flashi bila faili la kuwashia bootia32.efi haionekani kabisa, mtumiaji anasema "flashi imekufa", na wewe unamwambia achome upya. Mmoja alichoma upya mara sita kwa ushauri wa mwenzenu. Muulize modeli kwanza!

6. Mengine, harakaharaka

Kiraka cha draiva ya wai-fai kipeleke juu kwa wenye keneli, usikifiche kwetu. Tukikibeba peke yetu kitavunjika kila toleo na wewe utakuwa umeshaoa au umeolewa, huna muda. Leseni huria ya GPL inakupa msimbo, haikupi jina la mtu wala nembo yake. Ripoti ya kasoro bila matokeo ya lspci (orodha ya vifaa vya mashine) ni barua ya mapenzi: inagusa, haisaidii. Usianze na mandhari mpya ya eneokazi. Tunazo 41.

7. Kuhusu yule mama

Nilidhani sitarudi kwake, narudi. Baada ya flashi kumfikia aliuliza kama anaweza kupata matoleo ya majaribio kabla ya wengine, "ili nikifa nife wa kwanza." Tangu hapo kila toleo linapita kwake. Hajaandika mstari mmoja wa msimbo, na ripoti zake ni bora kuliko zenu zote mkizichanga: modeli, nafasi kabla, nafasi baada, alichobonyeza, alichoona. Someni moja kabla hamjaandika yenu.

Na wewe wa dirisha la kugawa diski, kiraka chako sijakikataa. Kipunguze kifike 440, ukilete na picha ya skrini iliyopigwa kwenye kimashine, si kwenye mashine pepe, nitajua. Picha za majaribio zinatoka Ijumaa usiku. Kila mmoja alete df -h (nafasi ya diski) mbili, ya kabla na ya baada ya kusasisha. Mwenye chaja ya ziada ya volti 9.5 aseme, kuna watu wawili hawana.