Jina la spika yako: lipitishe kwenye simu kwanza

Mkuu uliyeuliza kama spika yako ya bluetooth uiite "Smart Sound Pro X2" au jina la kubuni, mimi nasema la kubuni, tena bila kusita.

Niliwahi kupokea simu za wateja kwenye kampuni moja ya spika na hedifoni, majina yote yalikuwa herufi na namba. Mteja anapiga anakwambia "ile nyeusi yenye kitaa cha bluu", basi unamwomba aigeuze asome maandishi ya chini, anasoma B wewe unasikia D, muda unakwenda na tatizo lenyewe hamjaligusa. Mtu kama huyo hata akiipenda vipi hawezi kumtajia rafiki yake akainunue, na hapo ndo hasara kubwa ilipo.

Cheki Kodak, jina la kamera za George Eastman, 1888, neno la kutunga tu, fupi, ukilisikia unaliandika. Na la kutunga linalindika kirahisi, maana neno linaloeleza bidhaa mara nyingi ofisi za alama za biashara zinakataa kukupa peke yako, kila muuzaji wa spika anahitaji kusema sound.

Halafu tumia jina moja kila soko. Walkman, ile redio ndogo ya kaseti ya kutembea nayo, ilipotoka 1979 Sony waliipeleka Marekani ikiitwa Soundabout na Uingereza Stowaway, mwisho wa siku wakarudi kwenye Walkman kote.

Mimi navyofanya, nampigia mtu simu, nalitaja jina mara moja tu bila kulirudia, namwambia aniandikie kwa meseji alichosikia, halafu nafanya hivyo kwa watu wa rika tofauti na wenye lafudhi tofauti, kila mmoja akiandika kivyake hilo jina naachana nalo hata kama bosi kalipenda. Likipita namsubiri siku kadhaa namuuliza tena bila kumkumbusha.

Kabla hujachapa maboksi ingia Global Brand Database ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la haki miliki, ni bure, uone kama jina lina mwenyewe, angalia kundi la 9 ndo la vifaa vya elektroniki. Apple walitangaza iPhone Januari 2007, kesho yake Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao iliyokuwa na hilo jina tayari, wakawashtaki, wakamalizana Februari, ila wale wana mawakili na hela. Na hayo majina mengine uliyonayo usiyamwage hadharani kabla hujapeleka maombi ya usajili, mtu atakuwahi.